Kisa cha Larry Roberts: meneja wa mradi aliyeburuzwa mpaka Pentagon akaishia kuongoza utafiti wa kompyuta wa serikali

Watu wengi wakisikia mtu katoka kusimamia miradi ya kompyuta afu akaja kuwa mkuu wa utafiti serikalini wanadhani ni mambo ya kupanda vyeo tu, yaani mradi umeisha salama, bosi kakuona, ukapewa ofisi kubwa. Kisa cha Lawrence Roberts, Larry kwa waliomzoea, hakiendi hivo hata kidogo na ndo maana nimekichukua nikichambue kuanzia alivoingia mpaka alivoondoka. Huyu ndo alisimamia ARPANET, ule mtandao wa Marekani uliokuja kuzaa intaneti, na kabla mtandao wenyewe haujakaa sawa tayari alikuwa mkurugenzi wa kitengo cha utafiti wa kompyuta pale Pentagon. Msimamo wangu nauweka mapema ili anayetaka kubisha abishe huku anasoma: kilichomfanya Roberts afae kuongoza utafiti ni uamuzi mmoja alioufanya akiwa bado meneja wa mradi, wa kujua kipi akitolee mkataba wenye tarehe na kipi akiache bila kukipangia. Cheo kilikuja kukuta kazi ya cheo ameshaanza kuifanya.

Kwanza tuielewe ofisi yenyewe. ARPA ni shirika la utafiti chini ya wizara ya ulinzi ya Marekani, lilianzishwa 1958, yaani Warusi wamerusha Sputnik, setilaiti ya kwanza duniani, 1957, Wamarekani wakashikwa kiwewe, mwaka uliofuata shirika likawepo. Mwaka 1962 ndani yake kikaanzishwa kitengo cha kompyuta, kifupi chake IPTO, na mkuu wa kwanza alikuwa J.C.R. Licklider ambaye kwa kusomea alikuwa mwanasaikolojia. Kitengo kilikuwa na watu wa kuhesabu tu, hakina maabara, hakina watafiti wake, kazi yake ni kutoa hela kwa vyuo na makampuni na kufuatilia zinafanya nini. Na utoaji wenyewe ulikuwa mwepesi mno kwa kitu cha serikali: mkuu wa kitengo akiona wazo zuri anaenda kwa mkurugenzi wa ARPA, wanaongea, wakielewana hela inatoka, hakuna jopo la maprofesa linalokaa kupigia kura maombi. Kwa hiyo anayekalia kile kiti ana nguvu kubwa kuliko cheo kinavosomeka kwenye karatasi, na akikosea anakosea kwa mamilioni.

Sasa Roberts. Alizaliwa Connecticut 1937, baba na mama wote wakemia wenye udaktari, kasoma MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts, degri ya kwanza mpaka ya tatu, PhD kachukua 1963 kwa kazi ya kuifundisha mashine kutambua maumbo ya vitu kutoka kwenye picha bapa. Akawa anafanya kazi Lincoln Laboratory, maabara ya MIT iliyokuwa inaishi kwa hela za ulinzi. Mwaka 1965, kwa hela za ARPA, yeye na Thomas Marill wakaunganisha kompyuta mbili zilizo pande mbili za nchi, TX-2 ya Lincoln kule Massachusetts na Q-32 ya Santa Monica, California, kupitia laini ya simu ya kawaida. Zikaongea. Ila laini ya simu ya kupiga na kusubiri iunganike ilikuwa polepole na ya kukatikakatika, wakatoka na jibu kwamba kompyuta zinaweza kufanya kazi pamoja bila shida, tatizo ni njia. Hilo jaribio ndo lilimuuza, japo yeye hakuwa sokoni.

Aliyemtaka ni Bob Taylor, mkuu wa IPTO kuanzia 1966, naye alisomea saikolojia na alishawahi kusimamia programu za utafiti NASA. Taylor ofisini kwake alikuwa na terminali tatu, yaani mashine za kuongea na kompyuta iliyo mbali, moja inaenda MIT, moja Berkeley, moja Santa Monica, kila moja na utaratibu wake, ukitaka kuongea na wa upande mwingine unahama kiti. Akaenda kwa mkurugenzi wa ARPA, Charles Herzfeld, akaeleza kwamba hizi kompyuta zote tunazilipia sisi na hazijuani, na kwa simulizi yake mwenyewe kikao kilichukua kama dakika ishirini akatoka na dola milioni moja. (Ile hadithi kwamba ARPANET ilijengwa ili ihimili bomu la nyuklia, wahusika wenyewe walishaikana mara nyingi, lengo lilikuwa kutumia kompyuta za bei mbaya kwa pamoja.) Hela ipo, wazo lipo, mtu wa kulijenga hana. Akamfuata Roberts, Roberts akakataa. Akarudi tena, akakataa tena.

Hapa watu huwa wanapita haraka lakini mi naona ndo moyo wa sehemu ya kwanza ya kisa. Roberts alikuwa anakataa kitu kinachoeleweka kabisa: yuko maabara nzuri, ana mashine ya kuchezea, ana jina linalokua, afu anaitwa Washington kwenda kuwa mtu wa makaratasi ya mikataba. Kwa mtafiti kijana hiyo ni kuzikwa mapema. Taylor akaona ushawishi haufiki, akaenda kwa Herzfeld akamuuliza kama si kweli kwamba ARPA ndo inatoa asilimia 51 ya hela za Lincoln, akaambiwa kweli, akamwomba basi apige simu kwa wakubwa wa Lincoln awaambie kwamba ni kwa faida yao na ya Roberts kwamba Roberts akubali. Haikuchukua muda Roberts akakubali. Taylor miaka yote alikuwa anasimulia hiki kisa huku anacheka na hakuficha kwamba alimbana mtu. Mwisho wa 1966 Roberts yuko Pentagon, ndo kwanza anafikisha miaka 29.

Sipendi kuipamba hii, mtu alivutwa shati. Ila angalia alichokipata kwenye kuvutwa huko: kabla hajasaini karatasi hata moja alishaona kwa macho yake namna hela ya utafiti inavoongea, simu moja kutoka kwa anayelipa inafanya kile ambacho hoja nzuri za mwaka mzima hazikufanya. Na miezi michache mbele akaitumia silaha hiyohiyo kwa wengine.

Aprili 1967 ARPA ikakutanisha wakuu wa miradi yake ya kompyuta Ann Arbor, Michigan. Roberts akaeleza mpango: kompyuta zenu kubwa zitaunganishwa moja kwa moja kwa laini za simu, kila kompyuta itabeba yenyewe kazi ya kupokea na kusukuma ujumbe. Mapokezi yakawa ya baridi kama si ya chuki. Maprofesa walikuwa wameshapata kompyuta kwa tabu, zimejaa kazi mchana na usiku, wanafunzi wanapanga foleni, afu anakuja kijana wa Washington anataka mgawe muda wa mashine na watu wa chuo kingine halafu mashine hiyohiyo ibebeshwe kazi ya utarishi juu. Nani atakubali? Kisirisiri kila mmoja alikuwa anahisi anaenda kunyang'anywa.

Kulikuwa na mtu mmoja kwenye kile kikao, Wesley Clark, aliyewahi kubuni kompyuta huko Lincoln. Yeye akamwambia Roberts kwamba mtandao kaugeuza ndani nje. Wakati wanaenda uwanja wa ndege kwenye teksi, Taylor naye yumo, akafafanua: ziacheni kompyuta kubwa kama zilivyo, wekeni kikompyuta kidogo mbele ya kila moja, hivi vidogo vyote vifanane, viwe vyenu ARPA, vyenyewe ndo viongee kwa njia ya simu, ile kubwa iwe na kazi moja tu ya kuongea na kidogo kilicho mlangoni kwake. Roberts akalichukua wazo hapohapo. Vile vikompyuta ndo vikaja kuitwa IMP.

Wahandisi wanalisifia hili kama ubunifu wa kiufundi na ni sawa, ila mi nalisoma kimeneja. Wazo la Clark lilichora mpaka. Upande mmoja wa mpaka ni vitu vinavofanana, vinamilikiwa na mwenye hela, vinaweza kuandikwa kwenye tenda na kupewa tarehe. Upande wa pili ni fujo ya vyuo, kila chuo na kompyuta ya aina yake na wataalamu wenye viburi vyao. Kabla ya ile teksi Roberts alikuwa na mradi mmoja usiosimamika, baada ya teksi ana miwili, mmoja unasimamika na mwingine ni utafiti. Na vile vyuo vilivyobaki kununa vikaanza kusikia mkono wa bajeti. Roberts mwenyewe baadaye alieleza bila aibu kwamba waliviambia vyuo mtandao unajengwa, nyie mnalipwa na sisi, mtashiriki, na kwenye kununuliwa mashine mpya ikawa kwanza uonyeshe umetumia zilizopo kwenye mtandao. Kumbuka ile simu ya Lincoln.

Oktoba 1967 alienda Gatlinburg, Tennessee, kwenye mkutano wa watu wa mifumo ya kompyuta, kuwasilisha mpango. Palepale akakutana na Roger Scantlebury kutoka Uingereza, kutoka timu ya Donald Davies ya maabara ya taifa ya fizikia, ambao walikuwa wameshafikiri kwa undani kuhusu kukatakata ujumbe kuwa pakiti, yaani vipande vidogo vya kutumwa kimojakimoja, na kupitia kwao akaelekezwa kwenye kazi ya Paul Baran wa RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, iliyotoka miaka kadhaa nyuma. Roberts alikuwa amepanga laini za kasi ndogo sana, biti 2,400 kwa sekunde, wale Waingereza wakamwambia hiyo haitoshi, mwishowe mtandao ukajengwa kwa laini za biti 50,000 kwa sekunde. Ugomvi wa nani alivumbua pakiti umewachosha watu kwa miongo na sitauingia. Kwa kisa chetu inatosha kwamba meneja alienda kuwasilisha mpango wake akarudi na mpango wa wenzake umeingia ndani yake, na hakuona shida, maana yeye alikuwa anajenga kitu, hatafuti chapisho. Mtafiti anayegombea jina angejitetea pale, na mtandao ungeanza na laini za kinyonga.

Juni 1968 mpango wa mradi ukapelekwa kwa mkurugenzi wa ARPA na mwezi haujaisha ukapitishwa. Mwisho wa Julai tenda ikatumwa kwa makampuni 140. Wakajibu kumi na mbili. IBM hawakuomba kabisa, kwa mahesabu yao mtandao wa namna ile ungekuwa ghali mno usingewezekana, na CDC, kampuni nyingine kubwa ya kompyuta, nao wakakaa pembeni. Wengi walitegemea Raytheon, kampuni kubwa ya mambo ya ulinzi, ichukue. Ikachukua BBN, kampuni ya washauri ya Cambridge, Massachusetts iliyoanza na mambo ya sauti za kumbi, mkataba wa takriban dola milioni moja ukaanza Januari 1969, timu ndogo chini ya Frank Heart, mashine ya msingi ni Honeywell DDP-516, na IMP ya kwanza inatakiwa iwe UCLA, chuo kikuu cha California pale Los Angeles, Septemba mwaka huohuo. Kampuni kubwa zilitazama tenda zikaona kompyuta, BBN walitazama wakaona tatizo la kutatua kwa mwaka mmoja, na ombi lao lilikuwa limeshaandika sehemu ya programu kabla hawajalipwa senti.

Sasa twende kwenye ule uamuzi niliosema. Ukichukua ule mradi ukautandaza unaona Roberts aliukata vipande na kila kipande akakipa mtu tofauti kwa namna tofauti. IMP na programu zake, BBN, mkataba mgumu wenye tarehe. Laini, AT&T, kampuni kubwa ya simu, kukodi tu. Kupanga laini ipite wapi ili gharama iwe ndogo na mtandao usikatike kirahisi, Network Analysis Corporation ya Howard Frank. Kupima, UCLA chini ya Leonard Kleinrock, na kupima kwenyewe maana yake walilipwa kuushambulia mtandao mpaka ugome, maana mapema mwaka 1970 Bob Kahn na Dave Walden wa BBN walienda Los Angeles wakaujaza mtandao wao wenyewe mpaka ukaganda, kwa namna ambayo Kahn alishawaonya wenzake kabla wakawa hawaamini. Kumbukumbu na maelezo kwa watumiaji, SRI, taasisi ya utafiti ya California, kwenye kundi la Douglas Engelbart, yule aliyebuni mausi ya kompyuta. Meneja anayemlipa mtu avunje alichomlipa mwingine akijenge ni nadra sana hata leo, wengi wanamwachia aliyejenga ajipime mwenyewe afu wanashangaa ripoti zote ni za kijani.

Kilichobaki ni swali gumu kuliko yote: kompyuta mbili za aina tofauti zikishaunganishwa, zinaambiana nini? Itifaki zenyewe, yaani kanuni za kompyuta kuongea na kuelewana. Hapa hakutoa tenda. Hakuandika maelezo ya kinachotakiwa, hakuweka tarehe, hakuteua mkuu. Aliliacha mikononi mwa vyuo vya mwanzo, na vyuo vikaliacha mikononi mwa wanafunzi wa uzamili, wakaanza kukutana, Steve Crocker wa UCLA kati yao, na 7 Aprili 1969 Crocker akaandika waraka wa kwanza kabisa wa zile zinazoitwa RFC mpaka leo, yaani ombi la maoni, jina la unyenyekevu kwa sababu vijana wenyewe walikuwa na wasiwasi kwamba siku yoyote watakuja wakubwa wenye mamlaka kutoka mashariki kuwaambia toka hapa sasa tunafanya kazi ya kweli. Wakubwa hawakuja. Wakubwa walikuwa Roberts, na Roberts alikuwa ameamua asiandike.

Unaweza kusema alisahau au alizidiwa na kazi. Kwangu hiyo haiingii akilini, mtu aliyesimamia kila biti ya IMP hasahau nusu ya mradi. Alichojua ni kwamba swali la itifaki halikuwa na mtu mwenye jibu, na ukitoa tenda kwa swali lisilo na jibu utaletewa jibu la kampuni, lenye muhuri, la kudumu, na baya. Ila bei yake alilipa, tusimsafishe. Itifaki ya kompyuta kwa kompyuta ilichelewa sana, mwaka 1970 na sehemu kubwa ya 1971 mtandao ulikuwepo, IMP zinawaka, laini zinalipiwa kila mwezi, na watu wanaoutumia kwa kazi ya maana ni wachache mno. Mkaguzi wa hesabu wa kawaida angekuja kipindi kile angeandika kwamba serikali imenunua barabara isiyo na magari.

IMP ya kwanza ilifika UCLA 30 Agosti 1969, mapema kidogo kuliko vijana walivyotegemea, maana wao walikuwa wanaombea BBN wachelewe ili wapate muda wa kumalizia upande wao. Oktoba 29 UCLA ikajaribu kuingia kwenye kompyuta ya SRI, herufi mbili zikapita mfumo ukaanguka, baada ya kama saa moja ukakubali. Mwisho wa mwaka vituo vinne, UCLA, SRI, Santa Barbara na Utah.

Katikati ya hapo, mwezi Septemba 1969, Taylor akaondoka na Roberts akawa mkurugenzi wa IPTO. Angalia tarehe. Alipewa kiti wakati mtandao una kituo kimoja, yaani mtandao wa kompyuta moja, kama huo ni mtandao. Kwa hiyo hakupewa kwa sababu mradi umefanikiwa, hakuna aliyejua kama utafanikiwa. Alipewa kwa sababu ndani ya miaka isiyofika mitatu tayari alikuwa anajua kila chuo kinafanya nini, nani mkaidi, nani anamaliza, nani anaongea tu, na alishaonyesha anaweza kutofautisha mkataba na utafiti. ARPANET yenyewe hakuiachia mtu, akaendelea kuishika huku anaongoza kitengo kizima.

Na kitengo kizima kilikuwa na mizigo aliyorithi. Mkubwa ni ILLIAC IV, kompyuta ya Chuo Kikuu cha Illinois iliyoanza 1966, ilitakiwa iwe na vichakataji 256 ikaishia 64, na gharama kutoka makadirio ya dola milioni 8 ikapanda mpaka takriban milioni 31 mwaka 1972, huku wanafunzi wameshaandamana 1970 hawaitaki chuoni kwa sababu ya hela za jeshi na vita ya Vietnam, mpaka ikapelekwa kituo cha NASA cha Ames, California. Ile mashine ilikuwa kinyume cha ARPANET kwa kila kitu, utafiti na utengenezaji vimesukwa pamoja, sehemu ambazo hakuna aliyewahi kuzitengeneza zimeandikwa kwenye mkataba kana kwamba zinapatikana dukani. Juu ya hapo mwisho wa 1969 bunge likapitisha kile kipengele cha seneta Mansfield kilichotaka hela ya utafiti ya ulinzi iende tu kwenye kitu chenye uhusiano wa moja kwa moja na kazi mahususi ya jeshi. Kuanzia hapo kila mradi ukawa na ukurasa wa kueleza jeshi linapata nini. Machi 1972 shirika likabadilishwa jina likawa DARPA, D ya ulinzi ikawekwa mbele watu waione.

Kwenye mazingira hayo Roberts mkurugenzi akaanzisha programu ambayo mi naiona kama mtihani wake halisi, ya kuifanya kompyuta ielewe maneno yanayosemwa. Kikundi cha wataalamu chini ya Allen Newell kikatoa mapendekezo 1971, programu ya miaka mitano ikaanza, takriban dola milioni tatu kwa mwaka, vikundi kadhaa vinashindana, na shabaha zimeandikwa: maneno elfu moja, makosa ya maana chini ya asilimia kumi, kwenye mada iliyobanwa. Hapa aligeuza mkono. Kitu ambacho kwenye ARPANET angekiacha wazi, huku akakiwekea namba na tarehe. Inawezekana ule ukurasa wa kueleza faida ndo ulimsukuma, maana namba zinauzika kwa mabosi na wabunge kuliko udadisi. Kilichotokea: 1976 mfumo wa Harpy wa Carnegie Mellon ukavuka shabaha, maneno 1,011. Afu programu ikafungwa, hela ya awamu ya pili haikutoka, wakabaki wanabishana kama mitihani yenyewe ilikuwa na maana, kwa kuwa Harpy ilifaulu ndani ya sentensi za aina chache zilizopangwa. Shabaha ilipofikiwa ikawa sababu nzuri ya kusimamisha. Roberts wakati huo alishaondoka lakini muundo ulikuwa wake, na kwa maoni yangu ndo mahali ambapo umeneja ulimzidi uongozi wa utafiti.

Ila usidhani tarehe huwa zinaharibu tu. Ule mtandao usio na watu niliosema, aliuamsha kwa tarehe. Akatangaza maonyesho ya wazi kwenye mkutano wa kimataifa wa mawasiliano ya kompyuta, hoteli ya Hilton, Washington, Oktoba 1972, na Kahn akapewa kuyaandaa. Vyuo vilivyokuwa vinasuasua mwaka mzima ghafla vikaona aibu inakuja mbele ya dunia, programu zikakamilishwa, mtandao wenye vituo karibu thelathini ukaonyeshwa ukifanya kazi. Robert Metcalfe aliyekuwa anawaongoza wageni anasimulia kwamba alipokuwa anawaonyesha wakubwa wa AT&T mfumo ukamwangukia, na wale wazee wakatabasamu kwa raha. Hawakuuamini mtandao wa pakiti na hawakutaka uaminike.

Kuna kitu kidogo kingine kinaonyesha mtu wa namna gani alikuwa. Mkurugenzi wa DARPA wakati huo, Stephen Lukasik, alikuwa kaipenda barua pepe kupita kiasi, anatembea na terminali safarini, ila barua zilikuwa zinamwagika zote mfululizo kama karatasi ndefu, huwezi kuchagua ya kusoma. Akalalamika kwa Roberts. Mkurugenzi wa kitengo, mwenye mamilioni ya kugawa, akakaa akaandika mwenyewe programu ndogo iitwayo RD, inaorodhesha barua, unachagua, unasoma, unafuta, unahifadhi. Wengi wakipanda mpaka pale mikono inakufa, wanabaki kusaini. Utafiti ulioagizwa na Lukasik 1973 ukakuta robo tatu ya trafiki ya mtandao ni barua pepe, kitu ambacho hakikuwemo kwenye ule mpango wa Juni 1968.

Mwaka 1973 akaondoka. Yeye na Lukasik walishajaribu kuukabidhi mtandao AT&T, wakakataliwa. Akaenda kuongoza Telenet, kampuni iliyoanzishwa na BBN kuuza huduma ya pakiti kwa umma, huduma ikaanza 1975. Kumpata wa kumrithi ikawa kazi kweli, waliofuatwa wakakataa, kwa sababu zilezile ambazo yeye alikataa 1966, na safari hii hakukuwa na simu ya asilimia 51 ya kupiga. Ikabidi Licklider, yule mkuu wa kwanza kabisa, arudi mwanzoni mwa 1974. Julai 1975 ARPANET ikahamishiwa shirika la mawasiliano la wizara ya ulinzi, ikawa kitu cha kuendesha tu.

Aliyekuja kufuata njia ya Roberts hatua kwa hatua ni Bob Kahn, ambaye Roberts alimchukua kutoka BBN 1972 baada ya maonyesho ya Hilton. Kahn akaanza kama meneja wa programu, 1974 yeye na Vint Cerf wakachapisha msingi wa itifaki zilizokuja kuwa TCP/IP, zile ambazo intaneti inaziongea, na 1979 akawa mkurugenzi wa IPTO mpaka 1985. Ndani ya kipindi chake, 1983, ikaanzishwa programu kubwa ya kompyuta za kimkakati, na kwenye orodha ya vitu vilivyorudishiwa hela kulikuwemo na kuifanya mashine ielewe maneno yanayosemwa.